Udongo Kwanza, Bwana Haraka: Mwongozo wa Kujenga Ujiji kwa Asiyependa Kusubiri

Bwana Haraka yumo katika kila mtaa wa Kigoma-Ujiji, kuanzia Gungu hadi Kasingirima. Jumatatu kanunua kiwanja, Jumanne kachagua rangi ya geti, Jumatano kaagiza mabati, na Alhamisi asubuhi fundi keshafika na kamba na vigingi. Bei ya mfuko wa saruji anaijua duka kwa duka. Vigae anavijua kwa majina. Udongo utakaoibeba nyumba yake miaka hamsini ijayo hajauuliza hata jina.

Mwongozo huu ni wake. Nitamtania njiani, maana mtu anayenunua geti kabla ya kujua kama ukuta utasimama amejitakia utani, lakini kila ninachomwelekeza hapa kinafanyika na ninataka sana akifanye. Nyumba nyingi mno zimepasuka huku mwenye nyumba akimlaumu muuza saruji.

Na fundi wake tumjumuishe. Mazungumzo yao huwa hivi:

"Fundi, msingi hapa unashuka futi ngapi?"

"Bosi, Ujiji yote ni futi mbili na nusu. Haya maeneo nimeyazoea."

Fundi huyo anaweza kuwa hodari wa kupanga tofali kuliko wote mtaani, ila hapo kakosea. Hakuna kitu kinachoitwa "Ujiji yote". Ukitoka kwenye mchanga wa ufukweni na kupanda kidogo unakanyaga udongo mwekundu wa mwinuko. Ukigeuka kusini kuelekea Mto Luiche unaingia kwenye tope la bonde, jeusi na la kijivu, ambalo mpunga unalipenda na kuta zinalichukia. Ukipita kwenye viwanja vilivyojazwa kifusi unakuta kila kitu, zikiwemo kandambili. Futi mbili na nusu zinaweza kutosha mahali pamoja, na hatua chache mbele zikawa maziko ya fedha.

Uliza maji yalikuwa wapi

Bwana Haraka anapenda kiwanja tambarare, karibu na ziwa, chenye upepo wa jioni. Kabla hajalipa, amtafute mzee wa mtaa, aketi, asiangalie saa, aseme: "Shikamoo mzee. Maji yaliwahi kufika wapi hapa?" Swali hilo ni sehemu halali ya upimaji wa udongo. Wahandisi huliuliza kabla ya kushusha mtambo wowote.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na uso wake haujawahi kutulia. Maji hutoka kwa njia moja ya mto, Lukuga, upande wa Kongo. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, ziwa lilikuwa karibu na mji kuliko leo. Mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mashapo na mimea, na maji yalikuwa yakijaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi hicho kilibomoka, na kufikia miaka ya 1890 uso wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa karibu mita 10. Ndiyo sababu mgeni anayeutembelea mnara wa kumbukumbu ya mkutano ule anasimama mbali na ufuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda tena kwa nguvu. Kuanzia 2020 hadi 2024 likapanda tena, likaingia kwenye makazi na maeneo ya bandari Kigoma, Uvira, na Gatumba karibu na Bujumbura.

Sasa Bwana Haraka afikirie ardhi iliyo kati ya ufuko wa zamani na ufuko wa leo. Ni mchanga na tope vilivyotandazwa na maji, tabaka juu ya tabaka, na havijawahi kubeba mzigo wowote isipokuwa maji yaliyokuwa juu yake na mashapo yenyewe. Nyumba yake ndiyo itakuwa mzigo mzito wa kwanza ambao tabaka hizo zimepata kuubeba. Zitajibana chini yake. Kama zingejibana sawasawa kila kona, nyumba ingeshuka kidogo bila kelele. Taabu ni kwamba kona moja imekaa juu ya mchanga na nyingine juu ya tope la mkondo wa zamani, na ukuta wa tofali haujui kupinda. Unapasuka.

Chimba shimo

Hapa ndipo Bwana Haraka anapoanza kukuna kichwa. Shimo la nini wakati mtaro wa msingi utachimbwa hata hivyo?

Kwa sababu mzigo haukomi pale tofali la mwisho linapokaa. Chini ya msingi wa ukuta, ukishuka kina cha mara mbili ya upana wa msingi, karibu theluthi ya mkandamizo bado ipo. Msingi wa sentimita 60 bado unaubana udongo ulio zaidi ya mita moja chini yake. Mtaro wa fundi unaonyesha sakafu ya msingi tu, na tope laini lililojificha nusu mita chini ya hapo halitaonekana mpaka ripu ianze kuchora ramani ya Afrika Mashariki ukutani.

Kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, chimba mashimo mawili au matatu kwenye kona zinazopingana, kila moja la mita mbili hivi. Vibarua wawili, jembe, sururu na chepe vinatosha. Mchanga huporomoka bila kutoa taarifa, kwa hiyo shimo likizidi mita 1.2 mtu asiingie mpaka kingo zimetegemezwa kwa mbao au zimepanuliwa kwa mteremko. Hili silitanii hata kidogo, watu hufa humo.

Wakati mzuri wa kuchimba ni mvua zinapoelekea kuisha, Aprili au Mei, maji ya chini ya ardhi yakiwa juu kabisa. Anayechimba Agosti katika kiangazi cha Kigoma anaona ardhi kavu inayomchekea, kisha Machi anakuta maji yamesimama chini ya jamvi lake. Kama lazima uchimbe kiangazi, tafuta alama za maji ukutani mwa shimo: mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu yaliyochanganyika yanaonyesha kuwa udongo huo hulowa na kukauka kwa zamu.

Shuka na futi kamba. Andika kila tabaka linaanzia wapi na kuishia wapi, rangi yake, unyevu wake, kama lina mizizi, kama linanuka. Udongo mweusi wenye harufu ya kuoza umejaa mabaki ya mimea. Hauna mjadala, unatolewa wote. Piga picha kila ukuta wa shimo. Chukua udongo wa kila tabaka kwenye chombo chenye mfuniko ili unyevu usipotee, na uandike juu yake umetoka kina gani.

Na kabla hata ya kushika jembe, tembea. Makato ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kingo za barabara zilizochongwa kwenye vilima, visima vinavyochimbwa, mashimo ya wafyatua tofali: hayo yote ni mashimo ya uchunguzi ambayo wengine wamekwisha kuyalipia.

Chafua mikono

Udongo hupewa jina kwanza kwa ukubwa wa chembe zake. Katika mfumo unaotumiwa sana na wahandisi, chembe kubwa kuliko milimita 4.75 ni changarawe. Kuanzia hapo hadi milimita 0.075 ni mchanga. Chini ya hapo jicho halitenganishi tena chembe moja na nyingine, na huko ndiko wanakoishi ndugu wawili ambao Bwana Haraka huwachanganya kila siku: silti na mfinyanzi. Silti ni ule unga laini wa mto, ukikauka ni vumbi, ukilowa ni tope lisilonata. Mfinyanzi ni chembe zilizo chini ya milimita 0.002, bapa, zinazopenda maji na kuyang'ang'ania.

Tafuta chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu mpaka mabonge yote yavunjike, kisha iweke chini na usiiguse. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi. Silti inachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaendelea kuyachafua maji mpaka kesho yake na zaidi. Pima unene wa kila tabaka kwa rula. Bwana Haraka, ndiyo, nimesema kesho yake. Lala.

Huku ukisubiri, chukua udongo laini uliolowa, uuweke kiganjani, ugonge mkono wako kwa mkono mwingine. Ukiona uso wake unang'aa maji, na ukiuminya mng'ao unatoweka, hiyo ni silti. Mfinyanzi haufanyi hivyo, maji yake hayatoki kirahisi. Kisha uviringishe kwenye kipande cha kioo au kigae uwe kamba nyembamba. Usiokubali kabisa ni mchanga au silti tupu. Unaokubali kuwa kamba ya milimita 3, ukakunjwa, ukaviringishwa tena na bado ukashikamana, huo ni mfinyanzi wa kweli na unastahili heshima yako yote. Mwisho, kausha bonge lake juani na ujaribu kulivunja kwa vidole. La silti linasagika. La mfinyanzi linakuumiza kidole.

Wafyatua tofali wa Kigoma wanayajua haya bila chupa wala rula. Wanajua udongo upi ukikauka tofali linapasuka kabla ya kufika tanuruni, na upi unamong'onyoka kwa kukosa cha kuushikanisha, na wanachanganya mpaka wapate unaofaa. Bwana Haraka akitaka mwalimu wa saa moja aende huko na soda mbili, anyamaze, aangalie mikono yao.

Kuna jambo moja kuhusu mchanga ambalo limewaponza wengi. Mchanga wa ufukweni umechekechwa na mawimbi kwa maelfu ya miaka hadi chembe zake zikalingana, na mtu akiuona ulivyo msafi anadhani ndio bora. Jaza gunia kwa maembe matupu, litabaki na mapengo. Mwagia maharage, yanajaza mapengo ya maembe. Mwagia mchele, unajaza mapengo ya maharage, na gunia linakuwa zito na gumu. Udongo wenye chembe za kila saizi ndio unaoshikamana ukishindiliwa, na huo ndio wahandisi wanaousifu. Mchanga wa saizi moja hauna maharage wala mchele. Unabeba vizuri ukizungukwa na kubanwa, lakini ukiachiwa kingo hutiririka.

Maabara nayo ina mambo yake

Mikono inakupa familia ya udongo. Maabara inakupa jina kamili, na jina hilo lilisafiri mbali kabla ya kufika Kigoma. Mwaka 1911 mkemia wa Uswidi, Albert Atterberg, aliyekuwa akishughulikia udongo wa kilimo, alionyesha kwamba udongo ule ule hupita hali kadhaa kadiri maji yanavyoongezeka: mgumu, wa kumong'onyoka, wa kufinyangika, hatimaye wa kutiririka, na kwamba mipaka ya hali hizo inapimika. Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha 1925 ndicho kilichoifanya mekanika ya udongo kuwa taaluma, aliona thamani ya mipaka hiyo kwa wajenzi. Arthur Casagrande akaiwekea kifaa chake mwaka 1932.

Kifaa chenyewe ni kikombe cha shaba. Udongo uliolowa unapakwa ndani, unachorwa mfereji katikati, kisha mpini wa kifaa unazungushwa na kikombe kinaanguka milimita 10 kila mara. Unyevu ambao mfereji unaziba baada ya mapigo 25 ndio kikomo cha kutiririka. Kikomo cha kufinyangika ni ile kamba yetu ya milimita 3: unyevu ambao inaanza kukatika. Tofauti kati ya vikomo viwili inakuambia udongo una tamaa kiasi gani ya maji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Udongo una kikomo cha kutiririka cha asilimia 62 na cha kufinyangika asilimia 24. Tofauti ni 38. Casagrande alichora mstari kwenye chati yake: toa 20 kwenye kikomo cha kutiririka, zidisha kwa 0.73. Hapa inakuja karibu 31. Tofauti yetu ya 38 iko juu ya mstari, kwa hiyo huu ni mfinyanzi, na kwa kuwa kikomo chake kimezidi 50, ni mfinyanzi mkali, ambao vitabu vinauandika CH. Mfumo wa wajenzi wa barabara wa Marekani utauita A-7-6, karibu na mkia wa orodha. Herufi hizo mbili za CH tu zingetosha kumzuia Bwana Haraka asimwage zege kesho, maana udongo huo hufura mvua zinapoanza na kunywea kiangazi, na kila mwaka huinua na kushusha nyumba bila kuomba ruhusa. Mwembe mkubwa ukiwa karibu unazidisha, kwa kuwa mizizi yake inanyonya maji upande mmoja wa nyumba. Ujiji imejaa miembe ya fahari. Usiikate, sogeza nyumba.

Maabara pia itakausha sampuli tanurini kwa nyuzi 105 hadi 110 na kukuambia unyevu wake. Bwana Haraka anaweza kuona hiyo ni takwimu ya kupamba ripoti. Aisome pamoja na fundisho kubwa la Terzaghi: maji yaliyo kati ya chembe hubeba sehemu ya mzigo, na nguvu ya udongo inatokana na kile kinachobaki kubebwa na chembe zenyewe zinapogusana. Ziwa likipanda na maji ya chini yakaukuta na kuupita msingi uliokaa juu ya mchanga, uwezo wa mchanga huo kubeba unaweza kushuka hadi karibu nusu. Nyumba haijaongezeka hata tofali moja, lakini ardhi imepungua nguvu. Kwa mji uliojengwa kando ya ziwa lisilotulia, sijui fundisho linalohusu zaidi.

Udongo mwekundu haufuati majedwali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata wenye vyeti huteleza. Majedwali tunayotumia yalizaliwa kwenye udongo wa nchi za baridi. Udongo mwekundu wa joto na mvua, kama ule wa miinuko ya Kigoma, umepikwa na jua kwa muda mrefu mno. Madini ya chuma yaliyobaki ndani yake, yale yanayoutia wekundu, yamezigandisha chembe za mfinyanzi kuwa vibonge vidogo vigumu. Ukiushika unahisi kichanga. Ukiukanda kwa muda mrefu vibonge vinavunjika na unageuka mfinyanzi mikononi mwako. Ukiukausha tanurini kabla ya kupima vikomo, vibonge vingine vinagandamana moja kwa moja na unapata majibu ya udongo ambao haupo kwenye kiwanja chako.

Afrika Mashariki ndiyo iliyompa Terzaghi mwenyewe somo hili. Kwenye Bwawa la Sasumua nchini Kenya, lililojengwa miaka ya 1950 kuipatia Nairobi maji, mfinyanzi uliotumika ulitoa vikomo vya ajabu. Kwa kufuata vitabu ungekataliwa. Terzaghi aliuchunguza na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake: chembe zake zilikuwa zimejikusanya katika vibonge vigumu vyenye vitundu ndani, maji yaliyopimwa kwa sehemu kubwa yalikuwa yamekaa ndani ya vibonge, na udongo ule ulifaa kwa bwawa. Mtu aliyeasisi taaluma aliusikiliza udongo wa Kenya kuliko jedwali lake.

Kwa hiyo unapopeleka udongo mwekundu maabara, omba upimwe ukiwa na unyevu wake wa asili au umekaushwa kwa hewa tu, na omba waandike kwenye ripoti walivyoukausha. Mwenye maabara makini atafurahi kuulizwa. Na kwa kuwa udongo mwekundu mara nyingi una vitundu vingi, unaweza kusimama imara miaka mingi ukiwa mkavu kisha ukaporomoka ndani kwa ndani siku maji yanapoupata. Bomba linalovuja, karo lililo mita mbili kutoka ukutani, paa lisilo na mfereji: hao ndio maadui wake. Peleka maji mbali.

Kushindilia siyo kumwagilia

Bwana Haraka akishajenga msingi hujaza kifusi kina cha mita nzima ndani ya alasiri moja, anakimwagia maji usiku kucha, asubuhi anamwaga jamvi. Mwaka haumaliziki, sakafu imezama katikati na vigae vile alivyovijua kwa majina vinalia vikikanyagwa.

Ralph Proctor, mhandisi wa California, alieleza mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi cha maji kinachouwezesha kushikamana kuliko vyote kwa nguvu ile ile ya kushindilia. Pungufu ya hapo chembe zinakwaruzana na kugoma. Zaidi ya hapo maji yanakalia nafasi ya chembe. Kwa saiti ndogo, fanya hivi: fumbata udongo uwe tonge, uuachie kutoka usawa wa kifua. Ukitawanyika kabla hata ya kuanguka, ni mkavu. Ukibamiza chini kwa mlio wa tope, umezidi maji. Ukivunjika vipande vichache, anza kazi. Tandaza sentimita 15 tu, shindilia mpaka chombo kiruke, ndipo utandaze nyingine. Moramu nzuri ndiyo ya kujazia. Udongo mweusi wa bondeni usirudishwe chini ya sakafu kamwe, hata kama ni wa bure, hata kama shemeji ndiye mwenye lori.

Kwa barabara ya mtaa

Hili ni fupi lakini ni haki ya kila mlipa kodi. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 unaupanga udongo wa chini katika madaraja S3, S7 na S15. Namba ni ukinzani wa udongo dhidi ya kupenywa, kwa asilimia ya ule wa kokoto za kusagwa, baada ya kulowekwa siku nne. S3 ni udongo dhaifu unaohitaji kuboreshwa au kufunikwa kwa tabaka nene, na S15 ni wa kuaminika. Mkandarasi akija mtaani, kwenye mkutano wa hadhara nyoosha mkono: "Ndugu mhandisi, hapa kwetu ni daraja gani, na vipimo vilichukuliwa wapi?" Mhandisi aliyepima atajibu kwa sentensi moja.

Ghorofa ufukweni

Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Tuko kwenye Bonde la Ufa, na ufa huo bado unafanya kazi. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa unaweza kupoteza nguvu zote kwa sekunde kadhaa na kutiririka. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa mazima, kwa sababu ardhi chini yake iligeuka uji. Mchanga mlegevu na maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, vyote viwili viko ufukweni kwetu. Anayetaka kupandisha hoteli ya ghorofa hapo aweke mwongozo huu kando na amwite mhandisi aliyesajiliwa aje na mtambo wa kuchoronga. Wapige nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76 na kuhesabu mapigo kwa kila sentimita 30 za mwisho, tabaka kwa tabaka. Mapigo yakiwa machache, wakubali kutumia fedha chini ya ardhi kabla ya kuzitumia juu.

Bwana Haraka, una shughuli nyingi na ninajua geti limeshafika. Mashimo mawili, chupa tatu za maji, kamba ya milimita 3 na siku chache za kusubiri ndizo ninazokuomba. Ukipata majibu, mpe nakala jirani yako wa kushoto na wa kulia, maana tabaka lililo chini yako halikomi kwenye bikoni. Na wenzetu wa Manispaa, ninaomba kila kibali cha ujenzi kiambatane na maelezo ya shimo la udongo, na maelezo hayo yahifadhiwe mtaa kwa mtaa kuanzia Kibirizi hadi Kagera, ili kijana atakayenunua kiwanja miaka kumi ijayo ayakute yamekwisha kuandikwa.